Nguo Haikai Kwangu Bila Mwenyewe

Mtaani walimwita Bi Rula. Alitembea na rula yake ya mbao kwapani, ile ya ushonaji, kama askari na kirungu chake, na mgongo wake ulinyooka vivyo hivyo. Jina hilo alilipenda mno. Alidhani ni la heshima. Ilimchukua miaka kumi na mitano kujua kwamba walilianzisha watoto, kwa sababu aliyemsogelea bila shughuli maalumu aliionja ile rula makalioni. Leo akisimulia hucheka mwenyewe mpaka anashika mbavu, lakini wakati ule, nakwambia, hakuna aliyekuwa akicheka karibu yake.

Elimu yake ilikuwa darasa la saba, nalo alilitaja kama wengine wanavyotaja chuo kikuu. "Darasa la saba la zamani," husema, "si hili la kubahatisha majibu." Siku aliyomaliza mtihani, mama yake, aliyekuwa fundi cherehani wa sare za shule, alimkalisha kwenye kigoda na kumwekea rundo la nguo kuukuu. Hakumpa sindano. Alimpa wembe. Mwaka mzima binti alifumua tu, mshono baada ya mshono, mpaka vidole vikajua uzi wa juu na uzi wa chini bila kuangalia. Ndipo akaruhusiwa kukanyaga cherehani.

Cherehani hiyohiyo ya miguu aliirithi, na chumba hichohicho. Mume alitangulia mapema, watoto hawakupata. Basi ikabaki kazi, na kazi aliijua. Ila ilikuwa na sharti lake. Ujanani mteja mmoja aliacha gauni kwa siku mbili, akarudi akadai kola ya lesi imebadilishwa, akasimama barabarani akamtukana tangu saa nane mpaka jua linapunga. Siku ile Bi Rula alichukua chaki akaandika nyuma ya mlango, kwa mwandiko wa darasa la saba la zamani: NGUO HAIKAI KWANGU BILA MWENYEWE. Ukileta suruali, unakaa kwenye benchi, unasubiri, inaisha, unaondoka nayo. Una haraka? Nenda nayo ilivyochanika. Chaki ilipofifia aliiandika upya, na aliendelea hivyo kwa miaka arobaini.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe.

Mama yake alikuwa amefikisha miaka tisini na mmoja. Aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akakaa hospitali, akarudi. Tangu hapo alikaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, mto mmoja chini, mwingine mgongoni, akiangalia barabara na kuisema. Kuinuka peke yake hakuweza. Kumbukumbu zake zilikuwa kama redio yenye betri zinazokufa: mara inasema wazi kabisa, mara inakoroma, mara inashika stesheni ya miaka sitini iliyopita. Asubuhi alimwita Bi Rula "mwanangu", mchana "dada", jioni "wewe fundi, hii nguo yangu itaisha lini?"

Kumwinua, kumwosha, kumlisha, kumgeuza, yote yalikuwa ya Bi Rula, mwenye umri wa miaka sitini na saba. Mdogo wake wa kiume alikaa mji mwingine, mbali, kwenye nyumba yenye geti. Kila Jumapili alipiga simu.

"Dada, ukichoka sema. Nina chumba kitupu. Nakuja na gari namchukua Mama."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Nasema tu."

"Usiseme tu."

Mama naye, siku redio yake ikishika vizuri, alimshika binti mkono na kumwambia, "Usinipeleke kwa mwenye geti. Nimefika kule. Dirisha linatazama ukuta. Nitamsema nani?" Na Bi Rula akamwapia kwamba hapelekwi mtu. Kiapo kile ndicho kilichokuwa roho yake.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mdogo wake wala mama yake wala ukuta. Macho. Yalianza kama ukungu wa asubuhi, kisha ukungu ukakataa kuondoka. Daktari wa macho alimtazama kwa kurunzi yake akasema, mtoto wa jicho, yote mawili, na la kushoto limeshakomaa. Madaktari wa kupasua huja hospitali ile mara mbili tu kwa mwaka. Alale wodini siku mbili, kisha wiki sita asiinue kitu kizito kuliko birika.

"Na mama yangu?" akauliza.

"Mama yako ana uzito wa birika?"

Daktari alidhani Bi Rula anatania. Bi Rula aliichukua ile kadi ya tarehe, akaitia kwenye droo ya bobini, chini kabisa, na tarehe ikapita. Akapewa kadi nyingine. "Hii usiichezee, mama," daktari akamwambia. "Ukiikosa tena, la kushoto sikuahidi kitu." Nayo akaitia droo ileile.

Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa wa darasa la saba. Akienda kupasuliwa, hakuna wa kukaa na Mama. Asipoenda, atapofuka, na kipofu hawezi kumwinua mtu, mdogo wake atakuja na gari lake. Njia ya tatu ilikuwa kuwaomba majirani. Hiyo hakuihesabu kabisa. Yeye hakuwahi kuomba hata chumvi. Mwenyewe anasema kichwa chake wakati ule ungeweza kukitia makaa ukapigia pasi.

Majirani wenyewe si kwamba hawakujaribu. Wa mlango wa pili ni Mama Pacha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mapacha wa darasa la pili na sauti ya kuita watoto walio mtaa wa nne. Siku Mama aliporudi kutoka hospitali, Mama Pacha alileta bakuli la mchuzi. Kabla saa haijaisha bakuli lilirudi limeoshwa, na juu yake foronya mbili mpya zimepindwa.

"Shangazi, ulikuwa mchuzi tu," Mama Pacha akasema.

"Na hizo ni foronya tu."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Kinyozi, pande la mtu, mpole, mwenye kibanda cha kioo kimoja na kiti kimoja. Huyu alikuja akasema, "Shangazi, asubuhi kabla sijafungua naweza kumbeba Bibi nikamtoa nje, akaota jua kidogo."

"Nimekuomba?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi kaa hapo." Akamshonea vifungo vitatu kwenye koti lake la kazi, ili asidaiwe hata ile nia njema. Kinyozi aliondoka na vifungo alivyovihitaji kama kipara kinavyohitaji kitana.

Baada ya hapo kukawa kimya kama wiki mbili. Kisha, ghafla, biashara ikafufuka.

Alianza Mama Pacha na kaptura ya mtoto, mshono wa nyuma umeachia. Kesho yake Kinyozi na suruali, pindo limefumuka. Kesho kutwa Mama Pacha tena, sketi. Halafu Kinyozi, mfuko. Halafu shuka. Halafu suruali ileile, mguu wa pili. Bi Rula alizikanyaga zote kwa furaha. Uzi hakuuona vizuri, lakini vidole vilijua njia, na rangi ya uzi alikisia kwa pale bobini ilipokuwa ikikaa kwenye droo, ila Mama naye, droo ikiwa karibu na kiti chake, alipenda kuzipanga upya.

Na kwa kuwa sharti lilikuwa sharti, kila aliyeleta nguo alikaa kwenye benchi. Benchi lilikuwa kando ya kiti cha Mama.

"Shangazi," Kinyozi akasema siku ya kwanza, akikunja mikono mapajani, amejifunga kanga huku suruali ikiwa kwenye cherehani, "kwa vile nimekaa bure, nimpunguze Bibi nywele?"

Bi Rula alifikiri. Huu haukuwa msaada. Huyu alikuwa mteja anayepoteza muda, na mteja akisubiri mikono yake ni yake.

"Usimwagie nywele kwenye kitambaa," akasema.

Mama Pacha naye alisubiri kwa kumlisha Bibi uji, kijiko kwa kijiko, wakiwasema wapita njia. Akasubiri kwa kumkata kucha. Akasubiri kwa kumpaka mafuta miguu. Siku nyingine Bi Rula alijikuta anasema, "Mama Pacha, kwa kuwa upo, ngoja nikanunue uzi," na akatembea mpaka dukani polepole kama mtu mwenye nafasi. Alipoondoka hakuwaza hata mara moja kwamba anasaidiwa. Aliacha mteja benchini, basi. Kinyozi alishamwinua Mama mara ngapi? "Alikuwa ananisogezea kiti nipate mwanga," Bi Rula alijieleza. Kumbuka huyo ni mtu ambaye mwanga kwake ulikuwa umeshakuwa habari ya kusikia.

Jumapili akajibu simu kwa kishindo.

"Mimi huku wateja wanapanga foleni! Fundi kijana wa pale kona ana cherehani ya umeme, ana redio, ana vioo, na bado watu wanamruka wanakuja kwangu. Unajua kwa nini? Mkono."

"Hongera, Dada," mdogo wake akasema, kwa mashaka.

Mtu mmoja tu alijaribu kumwambia ukweli, naye ni Mama.

"Yule mnyoaji," Mama akasema asubuhi moja, macho dirishani, "amekata suruali yake kwa wembe. Pale pale kwenye ngazi."

"Sawa, Mama."

"Kaanzia nyuma. Vibaya."

"Sawa, Mama. Kunywa chai."

Redio inakoroma, Bi Rula akawaza, akamhurumia mama yake kwa kuchanganyikiwa.

Mwezi wa pili wa neema hiyo, Jumatatu moja, Mama Pacha alikuwa amekaa benchini akisubiri blauzi, na suruali ya Kinyozi ilikuwa mezani. Alikuwa ameileta asubuhi, akaanza kusubiri, akaitwa na mteja wa ndevu akavuka kurudi kibandani na suruali nyingine. Bi Rula alikuwa ameliruhusu hilo kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu kutoka kibandani Kinyozi aliweza kuiona nguo yake kupitia dirishani, kwa hiyo ilihesabika kuwa yupo. Blauzi ikaisha. Akaishika suruali, akapitisha kidole gumba kwenye pindo.

Akasimama. Akapitisha tena.

Mshono uliochanika wenyewe una ndevu: nyuzi zimekatika hapa ndefu, hapa fupi, zinakwaruza. Huu ulikuwa laini kama kidevu kilichotoka kwa kinyozi. Wembe. Na uzi uliokatwa ulikuwa wake mwenyewe, wa wiki iliyopita. Akatoa shuka kwenye kapu alilokuja nalo Mama Pacha, akaipapasa pindo. Wembe. Sketi. Wembe.

Fundi mwingine angejiuliza, nani ana wembe mtaani hapa? Jibu lilikuwa ng'ambo ya barabara, limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kibanda. Lakini Bi Rula alikuwa na kichwa cha pasi, na kichwa cha pasi kikipata moto kinakwenda mbele tu. Akajua palepale ni nani: yule fundi kijana wa kona. Wivu! Anafumua nguo zangu kwa siri, watu waseme uzi wa Bi Rula haushiki!

"Mama Pacha, kaa na Mama. Narudi."

"Shangazi, kuna nini?"

"Kuna mtu atanijua leo."

Alikwenda na suruali begani na rula mkononi. Fundi kijana alikuwa na redio inayoimba kando ya goti, anapiga zipu. Bi Rula hakumsalimu.

"Simama! Hii ni nini?"

"Suruali, Shangazi. Shikamoo."

"Nani kaifumua?"

Kijana aliitazama ile suruali. Aliijua vizuri kuliko yeye. Kisha akatazama ng'ambo, na hili Bi Rula aliambiwa baadaye, maana macho yake yasingefika: Kinyozi alikuwa amesimama nje ya kibanda, mashine mkononi, anapunga mikono yote miwili juu ya kichwa kama mtu aliyevamiwa na nyuki, na nyuma yake mteja amenyolewa upande mmoja.

Kijana akazima redio.

"Ni mimi, Shangazi," akasema. "Nisamehe."

Nani asingevimba kichwa? Watu walikuwa wamejaa. Bi Rula akampa mhadhara wa robo saa: uaminifu wa kazi, vijana wa siku hizi, umeme na uvivu, darasa la saba la zamani. Kijana aliinamisha kichwa, akaitikia "ndiyo Shangazi" kwenye kila kituo. Mwishoni Bi Rula akamsamehe mbele ya mashahidi, akamgusa bega kwa rula kama mfalme anayempa mtu cheo, akaondoka na mgongo ulionyooka kupita siku zote. Kwa desturi angezunguka mtaa mzima kutangaza. Siku hiyo alikuwa na hamu ya kumwambia Mama Pacha kwanza, akakata moja kwa moja nyumbani.

Alipofika kwenye pazia la mlango alisikia sauti ya mama yake. Si ya redio inayokoroma. Ilikuwa sauti ya zamani, ya kigoda na rundo la nguo kuukuu.

"Si hapo, mwanangu, utachana kitambaa. Kata mshono mmoja, ruka mitatu, kata mmoja. Geuza. Sasa vuta uzi wa chini."

"Hivi, Bibi?"

"Taratibu. Umeona? Unatoka wenyewe. Na hiyo ni ya lini?"

"Ya kesho, Bibi. Kesho kutwa zamu ya Kinyozi."

"Mwambie naye afanye hivyo. Yule anakata kama anachinja."

"Na binti yako je? Akigundua?"

"Binti yangu," Mama akasema, "haoni."

Bi Rula alisimama pale akiwa ameshika pazia. Robo saa nzima alikuwa amemhubiria mtu asiye na kosa. Miezi miwili alikuwa amejisifu kwa mdogo wake. Na yule aliyemhurumia kwa kuchanganyikiwa alikuwa anajua kila kitu, mpaka lile la macho.

Akavuta pazia. Mama Pacha akaruka, wembe ukadondoka benchini.

"Kumbe mimi ndiye kichekesho chenu."

"Shangazi, hapana."

"Mnakuja kunionea huruma kwa zamu. Mmeandika ratiba?"

Mama Pacha hakujibu, na hapo Bi Rula akajua kwamba ratiba ipo.

"Toka. Mwambie na Kinyozi. Nguo zenu pelekeni kwa wenye macho."

Mama Pacha alikunja shuka yake. Mlangoni akageuka. Hakupandisha sauti, na kwa mtu wa sauti ile jambo hilo lilikuwa zito.

"Ungetufungulia mlango, Shangazi, tungepita mlangoni."

Siku nne hakuja mtu. Benchi lilikaa tupu. Mama aliuliza asubuhi, "Wateja wako wapi?" Akauliza mchana. Uji akaufungia mdomo. "Nitakula akija yule mwenye sauti." Nywele zake zikaanza kusimama. Kwenye droo ya bobini kadi ilikuwa inasema Jumanne ijayo.

Siku ya nne, alasiri, Bi Rula alimshika Mama kwapani kumwinua, akahesabu moja, mbili, tatu, akarudi nyuma hatua moja. Kigoda kilikuwa pale. Kilikuwa pale kwa miaka hamsini, ila yeye hakukiona. Wakaenda chini wote wawili, taratibu kama gunia linalotelemka, Bi Rula chini, Mama juu ya mapaja yake. Hakuumia mtu. Lakini kuinuka, hawakuweza.

"Piga kelele," Mama akasema.

"Sipigi."

"Mimi nipige?"

"Mama, nyamaza kidogo, nafikiri."

Simu ikaanza kuita mezani, ingawa haikuwa Jumapili. Ikaita ikakatika, ikaita tena, mara tano. Wao wako sakafuni, wanaisikiliza kama watu waliokwenda kwenye muziki. Karibu saa nzima ilipita ndipo Bi Rula alipofaulu kujivuta mpaka benchini, akajiinua, akamkokota Mama kwa mto mpaka kwenye kiti.  Simu ikaita mara ya sita, akapokea.

"Dada! Mbona hupokei?"

"Nilikuwa na wateja," akasema, akihema.

"Wateja gani?" Mama akadakia kutoka kitini, sauti wazi kabisa. "Tulikuwa chini!"



"Kesho nakuja na gari," mdogo wake akasema, akakata.

Bi Rula alikaa benchini, mahali pa wateja. Mkono wake ukagusa kitu: wembe wa Mama Pacha, umebaki palepale. Aliushika muda mrefu. Mama alikuwa amegeukia dirisha. "Dirisha hili zuri," akasema, kwa mtu asiyejulikana. "Kule kwingine kuna ukuta."

Ndipo Bi Rula alipoinuka, akafungua kabati, akatoa gauni lake la heshima, la kijani, la harusi za watu na misiba ya watu. Aliligeuza, akatafuta pindo, akaanza kufumua. Kata mmoja, ruka mitatu. Katikati alikosea akaingia kwenye kitambaa. Akaendelea. Kisha akatoa kadi kwenye droo, akamzungushia Mama mito pande zote, akaenda mlango wa pili akabisha.

Mama Pacha alifungua, mwiko mkononi.

"Karibu, Shangazi," akasema kwa tahadhari.

"Gauni langu limefumuka," Bi Rula akasema. Akaingia, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichogonga kwa goti. "Nitasubiri."

Mama Pacha alilichukua gauni. Akaliangalia pindo, akaliangalia tundu.

"Mimi si fundi, Shangazi."

"Najua."

"Na hili limekatwa kwa wembe."

"Limekatwa. Tena vibaya." Akaitoa kadi, akaiweka mezani juu ya vitabu vya mapacha. "Hilo gauni litachukua siku mbili za wodini na wiki sita za kutoinua kitu. Mimi..." Akamtazama Mama Pacha, au mahali alipodhani Mama Pacha yuko, kwa kweli alikuwa akiliangalia friji. Akaliambia friji neno ambalo hakuwahi kulisema tangu alipozaliwa: "Nisaidieni."

Mama Pacha hakusema pole. Hakulia. Alitoka kibarazani akajaza kifua.

"KINYOZIII! LETE RATIBA!"

Mteja wa Kinyozi siku ile alikuwa mwingine, lakini naye aliachwa nusu.

Ratiba ilikuwa nyuma ya kalenda ya zamani, imechorwa mistari kwa kalamu. Mama Pacha aliisoma kwa sauti. Asubuhi Kinyozi, kumwinua Bibi. Mchana Mama Pacha, uji. Na kila Alhamisi, fundi kijana wa kona, kurekebisha.

"Kurekebisha nini?" Bi Rula akauliza.

Kinyozi akakohoa. Mama Pacha akakumbuka chungu chake jikoni.

"Vitu," Kinyozi akasema.

Jumamosi mdogo wake alifika na gari. Alimkuta Mama amenyolewa, anakula, anamsema mwenye baiskeli aliyepita. Alipotaka kufungua mdomo, Mama Pacha alimpa kalenda. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa: Jumanne, kumpeleka dada hospitali, Jumanne na Jumatano usiku, kulala hapa.

"Nalala wapi?" akauliza.

"Benchini," Mama akasema. "Na usimguse yule mnyoaji, ni wa kwangu."

Walimpasua jicho la kushoto kwanza. Alikaa siku mbili akiwa amefungwa kitambaa, akiwaeleza wauguzi habari za darasa la saba. Aliporudi, kitambaa kimeondolewa, wa kwanza kumwona sawasawa alikuwa Mama, kitini, dirisha nyuma yake. Kila mkunjo wa uso ule ulikuwa umechorwa kwa penseli kali. Wakatazamana.

"Umezeeka," Mama akasema.

"Na wewe."

Kinyozi akaingia kwa zamu yake, kitana nyuma ya sikio. Miezi yote hiyo alikuwa akikibeba kitana hapo, na Bi Rula, akidhani ni ua, alikuwa akimsema kwa Mama kwamba anaringa. Sasa aliitazama suruali ya Kinyozi. Ilikuwa nyeusi. Mshono ulikuwa mwekundu, unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi mlimani, na pale mfukoni ulikuwa umepita moja kwa moja juu ya mdomo wa mfuko, ukarudi, ukapita tena.

"Huo mfuko," Bi Rula akasema taratibu, "umefungwa tangu lini?"

"Kitambo kidogo, Shangazi."

"Kitambo gani?"

"Tangu mara ya pili. Fundi kijana alitaka kuufungua, nikamkatalia. Nilisema utauona mwenyewe siku utakapoona."

Bi Rula alicheka mpaka akakumbuka kwamba daktari alimkataza kutikisa kichwa. Akashika shavu, akaendelea kucheka bila kutikisa.

"Vua."

"Hapa?"

"Kanga iko palepale. Vua, kaa kwenye benchi. Huwezi kusoma mlango?"

Akachukua wembe. Kata mmoja, ruka mitatu, vuta uzi wa chini. Ilimchukua nusu saa nzima kuufungua mfuko ule, kwa sababu mshono, pamoja na kupinda kwake kote, ulikuwa umeshika kweli kweli. Hilo, mpaka leo, hakuna anayeruhusiwa kutoka kwenye chumba kile bila kuambiwa.